Mama ameacha vidonge vya presha, anakunywa mizizi. Je, miti inatibu?

Msomaji wa Kibaigwa, wilayani Kongwa, ameniandikia hivi:

"Mama yangu ana miaka 62. Alipimwa presha ikawa 168 kwa 98, akaandikiwa amlodipini ya miligramu 5 kila asubuhi. Alimeza kama mwezi mmoja. Kisha mama mkubwa akamletea chupa ya dawa ya mizizi kutoka Dodoma mjini, na jirani akamwambia atafune mbegu tatu za mlonge kila asubuhi. Akaacha vidonge. Siku ya nne alipimwa kwenye duka la dawa ikawa 138 kwa 84, na sasa anasema amepona. Imepita wiki ya tatu. Je, miti hii inatibu kweli? Anaweza kuchanganya na vidonge? Na nimwambieje bila kumvunjia heshima?"

Mbukwenyi, dada. Nakushukuru kwa kutaja namba. Wengi huniandikia "presha ilikuwa juu ikashuka", nami nabaki sina pa kushika. Wewe umenipa vipimo, siku, jina la kidonge na kiasi chake.

Kabla hujaendelea kusoma: kesho asubuhi mama arudie kidonge chake kimoja kama alivyoandikiwa, na wiki hii hii mrudi kliniki na daftari lake mkaeleze kila kitu, chupa ya mizizi ikiwemo. Mengine yote ninayoandika hapa yanaweza kusubiri, hilo halisubiri.

Sasa tuitazame ile 138 kwa 84, maana ndiyo iliyomfanya mama aamini amepona. Amlodipini hukaa mwilini muda mrefu. Mtu akiimeza, nusu yake huchukua kati ya saa 30 na 50 kuondoka kwenye damu, na kwa wazee huchelewa zaidi. Nusu iliyobaki nayo hupungua kwa nusu baada ya muda kama huo, na hivyo hivyo kuendelea. Ndiyo maana humezwa mara moja tu kwa siku, na ndiyo maana anayeisahau siku moja haoni tofauti. Mama alipoacha, bado alikuwa na akiba ya kidonge mwilini. Siku ya nne akiba ilikuwa inaelekea kwisha, ila bado ilikuwa kazini. Kipimo cha duka la dawa kilisoma kazi ya kidonge, sifa zikaenda kwenye chupa. Mbegu za mlonge nazo zikapata mgawo wao.

Kuna jambo lingine la kuzingatia. Presha hupanda na kushuka kutwa nzima. Aliyetembea juani, akakaa foleni, akapimwa akiwa bado anahema, atasomeka juu kuliko alivyo. Akirudi siku nyingine ametulia, itasoma chini hata kama hajatumia chochote. Kwa hiyo kipimo kimoja cha juu hakitoshi kumwambia mtu ana ugonjwa (ndiyo maana kliniki hurudia), na kipimo kimoja kizuri hakitoshi kumwambia amepona.

Naandika haya kwa uchungu kwa sababu yametokea ndani ya ukoo wangu. Shangazi yangu, aliyekuwa akiishi upande wa Mvumi, aliacha vidonge kwa njia hiyo hiyo. Nilipofika kwake baada ya kiharusi nilikuta juu ya sanduku la nguo chupa ya maji ya lita moja na nusu. Ndani yake vipande vya mizizi vilikuwa vimelala chini, unene wa vidole viwili hivi, na maji juu yake yamekuwa rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Pembeni palikuwa na kopo la siagi. Nikalifungua, nikahesabu vidonge 41, vyote bado viko kwenye karatasi zake. Shangazi aliniambia kwa mdomo ulioenda upande, nikalazimika kuinama ili nimsikie: "Mwanangu, mbona nilikuwa mzima?"

Na alikuwa anasema kweli. Presha ya juu haiumi. Kichwa kinaweza kutulia, usingizi ukaja, shamba likalimika, na huku mishipa ya ubongo na figo inaendelea kuumia. Malaria ukitumia dawa isiyofaa homa inakwambia; presha haikwambii kitu. Ndipo ugumu wote wa swali lako ulipo. Mtu hawezi kupima dawa ya presha, iwe ya hospitali au ya porini, kwa kusikiliza mwili wake. Ni mashine peke yake, tena ikirudiwa kwa siku nyingi.

Turudi kwenye swali lako la kwanza. Je, miti inatibu? Ipo inayoshusha presha kweli, na mimi niliyesomea dawa siwezi kuidharau, maana sehemu ya kabati langu ilitoka huko huko. India kuna mmea mdogo wa jamii iitwayo Rauvolfia, ambao mizizi yake ilitumiwa na waganga wa huko kwa vizazi vingi. Mwaka 1949 daktari wa moyo wa Bombay, Rustom Jal Vakil, aliandika katika jarida la Uingereza jinsi mizizi hiyo ilivyowashusha presha wagonjwa wake. Mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba kule Uswisi wakatoa ndani yake kemikali wakaiita reserpini. Ikawa miongoni mwa vidonge vya kwanza vya presha vilivyotumika dunia nzima. Sisi hapa tunao ndugu wa mmea huo. Msesewe, ambao Wachaga hutumia gome lake kuchachusha mbege na kuitia uchungu, ni wa jamii hiyo hiyo ya Rauvolfia.

Lakini tazama kiasi. Reserpini hutolewa kwa robo ya miligramu kwa siku, wakati mwingine hata chini ya hapo. Punje moja ya mchele ina uzito wa miligramu 20 hivi, kwa hiyo tunazungumzia kitu ambacho ni sehemu moja ya 80 ya punje ya mchele. Kikizidi kidogo, pua huziba, mtu hulegea, na wapo walioingia kwenye huzuni nzito. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya dawa hiyo kuwekwa pembeni zilipopatikana nyingine. Sasa mwambie mtu achemshe "fungu moja la mizizi" ambalo mti wake ulikua kwenye kichanga au kwenye mfinyanzi, ukachimbwa kiangazi au masika, ukakaa sokoni wiki moja au mwaka. Nguvu iliyomo ndani ya chupa hiyo haiwezi kujulikana kwa macho wala kwa ulimi. Wiki hii mama anaweza kunywa maji matupu yenye uchungu, wiki ijayo akanywa kitu cha kumwangusha chooni.

Chupa za mizizi, kwa hiyo, simruhusu. Naogopa kilichomo ambacho hakuna anayekijua, hasa kwa figo za mtu wa miaka 62 mwenye presha, ambazo tayari zina mzigo. Nina hofu nyingine pia: ziko dawa zinazouzwa kama za asili kumbe zimesagiwa vidonge vya hospitali humo ndani. Mgonjwa anapata nafuu haraka, anamsifu mganga, na hajui anameza nini wala kiasi gani. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002, na lipo Baraza linalosajili waganga na dawa zao chini ya Wizara ya Afya. Mama mkubwa aliyeileta aulizwe kwa upole: aliyekuuzia ana usajili? Chupa ina jina la mti, tarehe na namba ya usajili? Kama jibu ni "nilipewa tu sokoni", iwekeni kando na muibebe mkienda kliniki.

Nikitoka kwenye chupa, nakuja kwenye mmea ambao kama mama ni mpenzi wa dawa za asili ningependa autumie: rosela, ile ambayo wengine tunaiita choya. Inakubali ukame wa huku kwetu, na maua yake makavu mekundu yanapatikana sokoni bila shida.

Rosela imepimwa kwa binadamu, kwa namba. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Boston, walichapisha kazi waliyoifanya kwa watu 65 wenye umri wa miaka 30 hadi 70, ambao presha zao zilikuwa zimepanda kidogo na hawakuwa wanameza dawa. Nusu walikunywa chai ya rosela vikombe vitatu kwa siku, kila kikombe mililita 240. Nusu walipewa kinywaji cha rangi na ladha inayofanana, kisicho na rosela. Baada ya wiki 6, namba ya juu ya presha ya waliokunywa rosela ilishuka kwa wastani wa milimita 7.2 (milimita za zebaki, ndicho kipimo cha presha), na ya wale wengine milimita 1.3. Angalia hiyo 1.3. Ndiyo ile presha inayoshuka yenyewe bila dawa, niliyokueleza hapo juu.

Kabla ya hapo, mwaka 2004, watafiti wa Mexico walikuwa wameipambanisha na kidonge cha presha kiitwacho kaptoprili, cha miligramu 25 mara mbili kwa siku. Waliopewa rosela walikunywa nusu lita moja kila asubuhi kabla ya kula, iliyotengenezwa kwa gramu 10 za maua makavu. Kwa wiki 4 walishuka kutoka wastani wa 139 kwa 91 hadi 124 kwa 80, na tofauti kati yao na wa kaptoprili haikuonekana. Kazi ya maabara imeonyesha pia sababu: zile kemikali zinazoipa rosela wekundu wake huzuia kimeng'enya kinachotengeneza homoni ya kubana mishipa. Kaptoprili hupita njia hiyo hiyo. Na kaptoprili yenyewe, kwa taarifa yako, ilizaliwa kutokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazil. Dawa haina kabila.

Lakini usikimbilie kutupa vidonge vya mama. Wagonjwa wa Mexico walianzia 139. Mama alianzia 168. Ukiondoa ile 7 ya Boston kwenye 168 unabaki na 161, na mwenye 161 bado yuko kwenye hatari ya kiharusi. Rosela ni msaidizi mzuri kwa aliye mpakani, au kwa anayemeza dawa yake na kutaka kuongeza nguvu. Kwa mama isimame pembeni ya kidonge, daktari akiwa anajua.

Namna ya kuitengeneza, kwa kuwa hapa ndipo wengi huharibu: nunua gramu 100 zilizopimwa kwenye mzani, zimwage kwenye sinia, zigawe mafungu 10 yaliyo sawa. Fungu moja ni la siku moja. Mimina juu yake nusu lita ya maji yaliyochemka, kwenye jagi la udongo au la kioo, funika dakika 10, chuja. Usiichemshie kwenye sufuria ya aluminiamu, maana rosela ina asidi kali na huilamba sufuria. Na usitie sukari. Juisi ya rosela ya mtaani, ile tamu inayoganda midomoni, ina sukari nyingi kiasi kwamba mtu mwenye presha, na mara nyingi mwenye kisukari pia, hapati faida anayoitafuta. Ikimshinda kwa uchachu aongeze maji.

Wajawazito wasiinywe kama dawa. Mjamzito mwenye presha ni wa kliniki moja kwa moja, kifafa cha mimba si cha kujaribia. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza. Na mama akianza, akisikia kizunguzungu anaposimama, aache na apimwe.

Mlonge nitausema kwa ufupi zaidi, ingawa najua Dodoma nzima mtu akisema "presha" jirani anajibu "mlonge". Majani yake ni chakula kizuri. Ndani ya majani na maganda yake wanakemia wa Pakistani walitoa kemikali zilizoshusha presha ya panya, lakini kwa binadamu kazi ni chache na ndogo, na hesabu ya "mbegu tatu" haikutoka kwenye kipimo chochote. Mama akipenda majani ya mlonge kwenye mboga, ale. Mbegu kama dawa aache, na mizizi ya mlonge asiiguse kabisa kwa sababu ina sumu.

Kitunguu saumu kina ushahidi wa kutosha: tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha hushusha namba ya juu ya presha kwa karibu milimita 8 kwa wenye ugonjwa, ingawa nyingi zilitumia vidonge vya kitunguu vilivyopimwa, si punje za kutafuna. Anayemeza wafarini ya kulainisha damu, au anayesubiri upasuaji, asikile kwa wingi, kwani huongeza kutokwa damu. Habasoda nayo hushusha, kama milimita 3 tu. Ubuyu na ukwaju navipenda, nimekulia navyo, vina potasiamu na ni vinywaji bora kuliko soda, ila sina namba za kukupa kwamba vinatibu presha. Mchaichai na majani ya mpera, vivyo hivyo.

Hiyo potasiamu ina upande wake wa pili. Kwa wengi husaidia kushusha presha. Lakini anayemeza vidonge kama losatani, kaptoprili, lisinoprili au spironolaktoni, na figo zake haziko sawa, potasiamu inaweza kujaa kwenye damu mpaka moyo ukapoteza mapigo yake. Mama hamezi hizo kwa sasa. Wakimwongezea siku za mbele, awaambie kama anakunywa ubuyu kila siku au anatumia unga wa mlonge.

Sasa niseme jambo ambalo hukuliuliza, na ambalo naamini lina uzito kuliko chupa na mbegu zote. Mama akipika mlenda hutia nini ndani yake? Mimi ni mtoto wa hapa hapa, nimelelewa kwa ugali wa uwele na mlenda, na najua mkono wa mama unavyofanya: maji yakichemka, kipande cha magadi kinatumbukizwa, povu linapanda, mlenda unavutika vizuri. Halafu chumvi. Halafu akionja, chumvi tena. Magadi ni chumvi ya sodiamu, na karibu theluthi ya uzito wake ni sodiamu tupu. Chumvi ya mezani ina zaidi kidogo, karibu asilimia 40. Nikiwa mkweli kwako, chumvi ya mezani hupandisha presha zaidi kuliko magadi kwa kiasi kile kile cha sodiamu, lakini magadi ya kuchimbwa huja yamechanganyika na chumvi ya kawaida, na mama anatia vyote viwili kwenye chungu kimoja. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ukihesabu ya mboga, ya samaki mkavu na ya kuongeza mezani.

Na faida yake imepimwa. Mwaka 2001 zilichapishwa Marekani matokeo ya watu 412 waliolishwa chakula kilichopikwa na watafiti wenyewe. Wenye presha waliokula matunda, mboga za majani, nafaka zisizokobolewa na chumvi kidogo walikuwa chini kwa milimita 11.5 ukilinganisha na waliokula chakula cha kawaida chenye chumvi nyingi. Milimita 11.5, bila mzizi hata mmoja. Uwele na mtama wetu, mchicha, mlenda wenyewe, zabibu za Dodoma, vyote viko upande sahihi wa hesabu hiyo. Kinachotuangusha ni kile kinachotiwa wakati wa kupika. Kwa hiyo kama mama anataka dawa ya asili, ya kwanza iko kwake jikoni: magadi ayapunguze nusu wiki hii, nusu tena wiki ijayo, na chumvi isiwekwe mezani. Ulimi huzoea ndani ya wiki chache.

Jambo lingine la nyumbani: mama anameza nini kwa ajili ya magoti? Mwanamke wa umri wake aliyelima maisha yake yote mara nyingi ana magoti, na mara nyingi anameza diklofenaki ya duka la dawa. Hiyo hupandisha presha na huumiza figo. Uliza, kwa sababu mwenyewe hataitaja. Kwake hiyo ni dawa ya magoti, haihusiani na presha.

Umeuliza umwambieje. Usianze na "umekosea". Mama mkubwa alileta chupa kwa upendo, jirani naye. Ningeanza kwa kumwomba mama mpime pamoja. Mwambie: "Mama, nataka tuone dawa inafanya nini." Azima au nunueni mashine ya kufunga mkono wa juu, si ya kifundo. Apimwe asubuhi kabla ya kula na kumeza chochote, na jioni, kwa siku 7. Akae kwenye kiti chenye egemeo, miguu miwili chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, nguo isiwe chini ya mkanda, anyamaze dakika 5 kwanza. Nusu saa kabla asiwe amekunywa chai ya majani wala kahawa. Pima mara mbili, acha dakika moja katikati, andika zote mbili na saa yake kwenye daftari. Siku ya kwanza itupeni, siku 6 zilizobaki tafuteni wastani. Nyumbani tunataka uwe chini ya 135 kwa 85.

Aendelee na kidonge katika siku hizo zote. Akisema "nikianza hivi vidonge sitatoka tena", mwambie ukweli ulivyo: mwili hauwi mtumwa wa vidonge, ni ugonjwa wenyewe unaobaki, kama mwenye macho hafifu anavyovaa miwani kila siku. Wapo wanaopunguza chumvi, wakapungua uzito, wakatembea, na daktari akawapunguzia dawa hadi kidonge kimoja au kutoka kabisa. Hilo hufanywa na daktari akisoma daftari kama hilo mtakaloandika. Na mama akija kuandikiwa vidonge vya propranololi au atenololi, asiviache ghafla kamwe, maana moyo hushtuka na presha huruka.

Kama kidonge kilimletea uvimbe wa miguu, na amlodipini huleta kwa baadhi ya watu, basi inawezekana hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kuacha, na aliona aibu kuisema. Muulize hilo peke yenu wawili. Kuna vidonge vingine vingi vya kubadilisha. Na kama sababu ni pesa, ana umri wa zaidi ya miaka 60: ulizeni dirisha la wazee kwenye kituo chenu cha afya kabla ya kununua chupa nyingine.

Mkienda kliniki waombe wampime mkojo na damu kuangalia figo, na sukari pia. Mbebee chupa, mbegu za mlonge na kila kidonge kilichomo ndani ya nyumba, hata vya jirani, kwenye mfuko mmoja.

Mpaka hapo mkiwa njiani, jambo moja ulishike kichwani. Presha ikisoma 180 kwa 120 au zaidi, pumzisha mama dakika 5, rudia. Ikibaki hapo na ana maumivu ya kifua, anahema kwa shida, anaona ukungu, kichwa kinapasuka, au mdomo umeenda upande, mkono umelegea, maneno yanamchanganyika, usimpe rosela, usimpe kidonge cha ziada, usimwekee chochote chini ya ulimi. Hata kama mashine inasoma vizuri, au hamna mashine kabisa, dalili hizo zikitokea msisubiri. Tafuta gari, mpeleke hospitali, na uandike kwenye kiganja chako saa uliyoona dalili ya kwanza, kwa sababu ndilo swali la kwanza watakalokuuliza.